Gari Lililouawa Likarudi

Jirani yangu ni fundi bampa. Gari likigonga, bampa ikapasuka, wanamletea yeye anaiziba kwa faiba: kitambaa cha nyuzi za kioo, juu yake gundi inayonuka mpaka macho yanawasha. Huichanganya asubuhi, upepo ukiwa unakuja upande wetu, na wapangaji wenzangu hugombana naye kila siku ya Mungu. Mimi sigombani naye. Mimi hutoka na kikombe changu cha chai, nikakaa kibarazani, nikaivuta ile harufu. Wananiona nimepungukiwa, na sina haja ya kuwaeleza. Lakini ninyi mliokula mabibo ya Nachingwea miaka ile ile niliyoyala mimi, mkakimbiza magari ya waya kwenye vumbi lile jekundu, ninyi nitawaeleza.

Ile ndiyo harufu ya baba yangu. Watoto wengine baba zao walinukia tumbaku, au sabuni ya mche, au jasho la shamba. Wangu alinukia gundi ya faiba. Alikuwa dereva. Kabla sijazaliwa alimwendesha Mmarekani mmoja wa mradi wa visima, wakaizunguka Nachingwea na Ruangwa yote kutafuta maji. Mradi ulipofungwa, yule mzungu akamwachia madumu ya gundi, mabunda ya kitambaa cha faiba yaliyokuwa ya kuzibia matangi, na picha moja ya gari iliyokatwa kwenye kalenda. Wenzake waliopata baiskeli na vitanda walimcheka. Baba akasema, acha wacheke. Akaenda kuendesha lori la korosho la tajiri mmoja pale mjini, lori lililochoka mpaka boneti na madigadi zake zilikuwa faiba tupu, kazi ya mikono yake mwenyewe. Alipokuwa akiziba, mimi nilichuchumaa pembeni nimeshika kopo, naye akinionyesha kitambaa kikinywa gundi na kukauka.

"Unaona, mama? Hivi hivi ndivyo lilivyotengenezwa Koveti. Si chuma lile. Nyuzi na gundi. Kutu hailijui."

Koveti ndilo gari la kwenye picha. Alikuwa ameigandisha picha yenyewe kwenye kipande cha ubao, akaitundika sebuleni kwa msumari, mahali ambapo nyumba nyingine zinaweka kalenda ya msikiti. Gari la rangi ya fedha, bapa, la watu wawili tu. Lilipigwa picha kwa nyuma, limetupa mgongo kama linaondoka. Mgongo wenyewe umechongoka kama wa samaki, na dirisha la nyuma limepasuliwa sehemu mbili, katikati umepita mfupa. Nilikuwa nikisimama juu ya kigoda kuugusa ule mfupa kwa kidole, na Mama akinikuta ananifinya.

Hadithi yake niliijua kabla sijajua kuandika jina langu. Baba aliipata kwa yule Mmarekani, siku zile wanangoja mashine itoboe mwamba, hawana la kufanya ila kuzungumza. Akaisimulia nyumbani siku za Ijumaa, lori likiwa limelala, tukishakula ming'oko ya kuchimba porini na chai ya mchana. Alianzia mbali, kama watu wanaosimulia mambo ya sungura.

"Huko kwao, vijana wamerudi kutoka vitani Ulaya. Huko walikoenda wameonja vigari vidogo vya watu wawili, na sasa wanavitaka. Wakubwa wa kiwanda wakasema, kwani sisi hatuwezi? Wakatengeneza la kwao. Yote meupe, viti vyekundu kama tikiti lililokatwa, wakalipa jina la meli ndogo ya vita yenye mbio. Watu wakaja kutazama. Lo, zuri! Wakalipanda sasa. Halina nguvu! Mvua ikinyesha, maji yanaingia. Sura ya chui, mwendo wa mbuzi. Hawakulinunua. Wakubwa wakakaa kikao. Wakasema, life. Lisitengenezwe tena."

Hapo alimgeukia Bibi, anamngoja. Bibi, mama yake mzazi, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, lakini hadithi ile aliifuata neno kwa neno, na mahali pale hakukosa kusikitika. "Maskini. Kwani lilimkosea nani?"

"Akatokea fundi mmoja," Baba huendelea, "wazazi wake Warusi, yeye mwenyewe amekulia nchi za watu, amekimbia vita, hana kwao. Akawaandikia wakubwa: jamani, msiliue, lipeni moyo. Na kiwanda cha jirani nacho kikatoa gari la watu wawili, wakubwa wakaona aibu. Basi wakaliwekea injini ya silinda nane. Likarudi. Lilishauawa, likarudi, na tangu hapo hakuna gari lililoligusa kwa mbio kule kwao."

"Mkimbizi ana jicho," Bibi husema, ameridhika. Yeye mwenyewe alivuka Ruvuma akiwa mgongoni kwa mama yake.

Kulikuwa na vipande vingine. Kwamba lile la dirisha la mfupa lilitengenezwa mwaka mmoja tu, kwa sababu madereva walilalamika hawaoni nyuma. Kwamba wenye nayo wengine waliukata mfupa wenyewe, wakaweka kioo kizima, na baadaye wakajuta mpaka wakaugua, maana yenye mfupa ndiyo yaliyokuja kutafutwa. Kwamba watu waliokwenda mwezini, hayo ndiyo magari waliyoyaendesha nyumbani kwao. "Kule mwezini kuna barabara?" Bibi aliuliza mara nyingi, na Baba alimjibu mara nyingi kwamba ni afadhali kuliko ya kwetu. Wanaume waliokuja kumtembelea waliisikia, wakaenda nayo. Mtaani kwetu magari ya waya ya watoto, ambayo kila mahali yalikuwa malori, yalianza kuwa na mgongo wa samaki na mfupa katikati. Mwalimu mgeni aliwahi kuuliza haya magari gani, mtoto mmoja akamjibu kwa dharau, "Koveti. Wewe huijui?"

Mtu pekee aliyelitukana gari lile alikuwa Mtani. Jina lake Mzee Nalinga, mkulima wa Malolo, huko Ruangwa. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, na huko kwetu utani si mchezo wa kuchekesha wageni. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayechimba, anayezika, na pia ndiye anayewachekesha wafiwa ili wasife na maiti wao. Anavaa nguo za marehemu, anaongea kama yeye, anazuia jeneza lisitoke. Na anachukua kitu. Akishakichukua, kimekwenda, mpaka mkikomboe.

Hilo la kukomboa niliwahi kuliona kwa macho yangu. Kaka yake Bibi alipofariki, Mtani alibeba kinu cha Bibi begani akatangaza kwamba kinahamia Malolo. Bibi akapiga kelele, akatafutwa kuku, Mtani akapewa, kinu kikarudi mahali pake na asubuhi kikatwangiwa. Kwa akili yangu ya mtoto hiyo ilikuwa sheria iliyonyooka kuliko zote nilizozijua. Anachukua. Unaleta kuku. Anarudisha.

Kila alipokuja kwetu msimu wa korosho Mtani alisimama mbele ya ile picha akashika kiuno. "Gari la watu wawili! Mke utampakia, na watoto je? Na gunia? Ndiyo maana ukoo wenu hamtajiriki."

"Wewe hata punda hujaendesha," Baba alimjibu.

"Ukifa nalichukua hili. Nifugie kuku ndani."

Wakacheka mpaka Baba akakohoa.

Baba alikufa msimu wa korosho, kwenye mteremko wa Nanganga, lori limejaa. Utingo wake alipona. Hayo niliyajua baadaye, nikiwa mkubwa. Siku ile, nilichojua ni kwamba nimetoka shule, darasa la kwanza, nikakuta uwanja wetu umejaa kandambili na baiskeli, na jirani akanishika kichwa akanipeleka jikoni nyuma, akanipa kiporo cha wali. Mama alikuwa ndani na wanawake. Sauti yake niliitambua, lakini haikusema maneno.

Watoto wa kwetu hatuonyeshwi maiti, na makaburini wanakwenda wanaume tu. Kwa hiyo sikuona kitu. Niliona wazee wamekaa kwenye mkeka wanazungumza kwa sauti ya chini, na nikajua kikao ni cha nini. Wakubwa wamekaa, wanaamua. Nilitulia kabisa. Wakisema amekufa, atatokea mtu atawaambia msimuue.

Asubuhi yake, jeneza likiwa mlangoni, akatokea Mtani. Alikuwa amevaa kofia ya Baba na lile koti lake la safari lenye madoa ya gundi. Mkononi ameshika ungo, anauzungusha kama usukani, anapiga honi kwa mdomo. Akasimamisha "lori" lake mbele ya jeneza.

"Nani kasema nimekufa?" alisema, kwa sauti ya Baba, ile ya kuvuta maneno. "Nimechoka tu na barabara zenu! Nani kawaambia wachimbe? Lipeni kwanza nauli!"

Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Bibi alicheka huku kamasi zinamtoka. Mimi nilijua vizuri kwamba yule ni Mtani, mtoto wa darasa la kwanza si mjinga. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, na alikuwa amesema. Halafu akaingia sebuleni, akaishusha picha kwenye msumari, akatoka nayo kwapani.

"Haya! Huyu dereva wenu na gari lake naondoka nao Malolo. Mkimtaka, leteni jogoo. Mwekundu! Msinipe bata!"

Nikageuka kumtazama Bibi, maana yeye ndiye alikuwa wa kupiga kelele. Bibi alikuwa ameketi chini, watu wawili wamemshika. Hakuna aliyekwenda bandani. Jeneza likanyanyuliwa, wanaume wakaondoka wakiimba, Mtani katikati yao na kofia ya Baba. Kila mmoja alidhani mwenzake atashughulikia jogoo, na msiba ulivyokuwa mkubwa hakuna aliyekumbuka. Walipotawanyika, picha ilikwenda Malolo. Ukutani ukabaki msumari.

Watu wazima hawa! Jogoo mmoja! Nilikaa jikoni nyuma nikiwa nimejaa hasira mpaka masikio yanavuma. Kwa kinu walihangaika, kwa Baba wameshindwa.

Sikulia. Wanawake waliniangalia, wakasema huyu mtoto ana moyo wa jiwe, wengine wakasema bado mdogo hajui. Shangazi mmoja alinifinya makusudi pajani ili nilie, ikasaidie roho. Nilimtazama tu. Ningelia nini, na mtu yuko Malolo? Kifua changu kilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu. Ukiugusa unajua ni wako, lakini husikii. Nilikula nilichopewa, nilikwenda shule, nilirudi. Hata arobaini ilipita hivyo hivyo, nikiwa nimekaa na wenzangu tunagombea nyama ya pilau.

Kazi nilikuwa nayo moja. Tetea wa Bibi aliangua vifaranga, na mmoja alikuwa na manyoya mekundu mgongoni. Nikamwomba Bibi, akanipa. Nilimlea yule kifaranga kama watu wanavyolea mapacha. Mwewe akipita, mimi nje. Nilimchambulia mchwa. Jioni nilimfunika kwa tenga peke yake. Nilimpima kwa kumbeba, na kila alivyozidi uzito nilijua Baba anasogea. Alipoanza kuwika, kule kuwika kwa kukwama kooni, nilitoka mbio kumsikiliza.

"Huyu wa nani?" Mama aliniuliza siku moja. Alikuwa ndani kwenye eda, haruhusiwi kutoka, anamwona kuku kupitia dirishani.

"Wa Baba."

Mama alirudi mkekani kwake. Baadaye nikamsikia anamwambia Bibi kwamba mtoto anamfugia baba yake sadaka. Bibi akalia. Wakaona nina imani kubwa. Eda ilipokwisha wakapika, mjomba wangu akaja na kisu kumtafuta yule jogoo, na mimi nikamng'ata mkono. Nilichapwa kidogo. Jogoo akabaki.

Mjomba alikuja kutuchukua. Mama kwao ni Malolo, na sasa hakuwa na la kumweka Nachingwea. Kumbe hata nisingehangaika kutafuta njia! Masika yalikuwa yameanza, tukapanda lori la mahindi linalokwenda Ruangwa, tukakwama mara kwa mara kwenye matope. Mimi nimekaa juu ya gunia, jogoo kifuani nimemfunga miguu kwa kitenge. Mama alinitazama akaniuliza kwa nini natabasamu. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe.

Kesho yake niliuliza nyumba ya Mzee Nalinga, nikaonyeshwa, haikuwa mbali. Nilimkuta uani anakaanga korosho kwenye bati la debe, moshi ule mweusi mkali, mikono yake imebabuka kwa mafuta ya maganda. Aliponiona akachangamka.

"Ala! Wenye madeni yao wamefika! Na huyo ni jogoo au shomoro? Huyu bado pora, hata jogoo hajawa!"

"Ni mwekundu," nilisema. "Mtani, nimekuja kumkomboa Baba."

Alicheka, huku anageuza korosho kwa kijiti. "Kukomboa picha, sema. Karibu, karibu. Picha yenu ipo."

"Siyo picha. Picha kaa nayo ukitaka. Namtaka Baba. Ulisema unaondoka naye, tukimtaka tulete jogoo. Wale walisahau. Mimi sijasahau."

Kijiti kilisimama. Korosho zilianza kuungua, na yeye hakuziondoa. Nilidhani anafikiria kuongeza bei, kama watani wanavyofanya, nikawa nimejiandaa kusema kwamba ninaweza kumlea mwingine. Akauinua mguu wake akalisukuma lile bati nje ya moto. Halafu akakaa chini, kwenye udongo, mtu mzima yule, akawa sawa na mimi kwa urefu.

"Somoe," akasema. Hajawahi kuniita jina. Kila siku alikuwa ananiita mchumba, au kibogoyo. "Utani ni maneno, mwanangu. Tunasema ili watu wapumue."

"Kinu ulirudisha."

"Kinu nilirudisha." Alifuta uso kwa mkono wenye masizi, ukabaki mweusi. "Baba yako nilimshusha mimi. Nimeingia kaburini mimi, nikampokea, nikamlaza ubavu, kwa mikono hii. Nilimfunika mimi. Hayupo hapa. Amekufa."

Nilimtazama nikingoja aseme jambo la kuchekesha. Hakusema. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na ndani, ukutani, niliiona picha yetu ikiwa imetundikwa vizuri, imefutwa vumbi, na lile gari limetupa mgongo.

"Kwa hiyo jogoo hatoshi?" niliuliza.

"Hata ng'ombe hatoshi, mama."

Akalia. Mtani, ambaye kazi yake ni kutochoka kucheka, alilia huku amejishika magoti. Mimi nilisimama. Nilihisi joto la kuku kwenye mkono wangu, moyo wake unakwenda mbio, na wangu siusikii. Nilijua sasa. Nilijua kabisa, na hakuna kilichokuja. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba yenu mwenyewe, na hakuna anayeitika.

Alimpokea jogoo. Alisema akinirudisha naye atakuwa amenifukuza, na kitu cha watani hakirudi hivi hivi. Alikuwa ameingoja siku hiyo, alisema, kila akiitazama ile picha inamuuma, lakini hakuwa na ruhusa kuirudisha mwenyewe. Akamchinja palepale, mke wake akapika, nikapewa firigisi kama mgeni wa heshima. Nikala. Nilikwenda nyumbani na ubao kwapani. Mama alipouona akauliza nimeutoa wapi, nikamwambia Mtani amerudisha. Akauliza jogoo yuko wapi. Nikamwambia tumemla. Hakuuliza tena, na mimi sikumwambia mpaka leo hii.

Watu husema machozi yakichelewa huja yote kwa pamoja. Yangu hayakuja. Nilikulia Malolo, nikasoma, nikaolewa, nikaachika, na misibani mimi ndiye wa kupika na kuhesabu sahani, kwa sababu mimi sianguki. Wananisifu. Ukiniuliza inaumaje, nitakwambia hainiumi, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Mtani aliishi miaka mingi baada ya hapo. Siku yake ilipowadia, simu zilikuwa zimeshafika hata kwetu, vijana wanapanda vichuguu kutafuta mtandao, na mimi nilikuwa nimehamia Nachingwea nikifundisha. Nikapigiwa. "Mtani wako amekufa. Njoo, wa ukoo wenu aliyebaki karibu ni wewe."

Nilikwenda. Nikaambiwa zamu ni yangu. Basi nikavaa kofia yake ya mkeka, nikatwaa lile bati lake la korosho, nikakaa mbele ya jeneza lake nikageuza majivu kwa kijiti, nikakohoa kama yeye. "Nani kasema nimekufa? Nimechoka na moshi tu! Mchumba, kibogoyo, njoo unipepee!" Watu wakacheka. Wajane wake walicheka huku wanalia. Mkono wangu ulikuwa baridi, lakini kazi nilijua inavyofanywa. Nikasimama, nikaiweka sawa kofia kichwani, nikatangaza ile sentensi yenyewe, kwa sababu ndivyo inavyosemwa: "Mzee wenu naondoka naye Nachingwea. Mkimtaka, leteni jogoo. Mwekundu!"

Kitu kikanivuta nguo. Mtoto wa kike, mjukuu wake, meno ya mbele hana. Alikuwa ameninyooshea pora mweupe aliyemshika mabawa, hata miguu hajamfunga.

"Mwekundu sina," alisema kwa haraka, kabla sijaondoka. "Huyu atafaa? Babu alituambia lile gari la kioo waliliua, likarudi."

Kumbe alikuwa akiwasimulia. Miaka yote ile, yule aliyekuwa akilitukana gari la watu wawili, amewasimulia wajukuu wake, na meli ya vita, na mkimbizi, na kikao cha wakubwa, yote, kwa sauti ya Baba. Niliangalia ukuta wa nyumba yake. Pale ilipokuwa picha yetu, mtu alikuwa amechora kwa mkaa mgongo wa samaki na mfupa katikati.

Nilivua kofia. Watu walikuwa bado wanacheka, wanangoja niendelee. Nikakaa chini, kwenye udongo, nikawa sawa naye kwa urefu.

"Gari, mama," nilimwambia. "Gari linarudi. Babu yako amekufa. Hata ukileta jogoo wote wa Malolo, harudi."

Alinitazama, naye akingoja niseme la kuchekesha. Nikatikisa kichwa. Mdomo wake ukapinda, akaangusha kuku, akalia palepale, kwa sauti kubwa, siku ile ile, babu yake akiwa bado mlangoni. Nilimshika mpaka akatulia. Nilimwonea wivu, sisemi uongo, nilimwonea wivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Halafu nikamvalisha ile kofia, ikamfunika mpaka macho, nikamwambia ni yake. Wazee walinung'unika. Kitu cha marehemu kikishachukuliwa na mtani hakirudi bila kukombolewa, na mimi mwalimu mzima ninajua. Nikawaambia jogoo nilishamleta zamani, mwekundu, na aliyempokea ndiye huyo mnayekwenda kumzika.